Mtoto Anapojua Nani wa Kuombwa



Binti wa miaka sita anamwomba mama mwanasesere aliyemwona kwenye simu. Mama anakataa. Binti hanuni wala halii. Anangoja hadi baba arudi kazini, anamkalia magotini, anaomba upya. Baba ameshinda mbali na nyumbani tangu alfajiri, na moyo wa kukataa hana. Kesho yake mwanasesere yumo nyumbani, na mama hasemi na baba. Wengi wenu mnaijua nyumba hiyo kwa sababu mnaishi ndani yake. Nami nimewahi kuishi humo.

Twasema mtoto huyo ana hila. Lakini hila hiyo ilifanyiwa kazi na watu wazima kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 1952 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitangaza kwenye televisheni kichezeo kiitwacho Mr. Potato Head. Ndicho kichezeo cha kwanza kutangazwa kwa njia hiyo, na tangazo lilisema na watoto wenyewe. Zamani muuzaji alibisha hodi kwa mwenye nyumba. Sasa akaanza kupitia dirisha la chumba cha watoto. Mwaka 1979 McDonald's wakaleta Happy Meal, chakula chenye kichezeo ndani, na hapo ikawa vigumu kujua kama mtoto ana njaa au la.

Mwaka 1998 kampuni ya matangazo iitwayo Western Media, hukohuko Marekani, ilichunguza jinsi usumbufu wa watoto unavyofungua mikoba ya wazazi. Iliwagawa wazazi katika mafungu manne: wanaonunua kila kinachoombwa, wanaotaka kuwa marafiki wa watoto wao, wanaonunua huku moyo ukiwasuta, na wagumu wanaonunua cha lazima tu. Hebu someni mafungu hayo ninyi wawili pamoja. Baba yuko lipi? Mama je? Mkiwa katika mafungu mbalimbali, mtoto hahitaji kuonyeshwa mlango wa kupita.

Basi, je, ni haki kumshawishi mtu ambaye bado hawezi kutambua kwamba anashawishiwa? Mwaka 1978 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, FTC, ilipendekeza kuzuia matangazo ya televisheni kwa watoto wadogo sana, kwa kuwa hawaelewi kuwa tangazo lina nia ya kuuza. Gazeti la Washington Post likaikejeli tume kwamba yataka kuwa yaya wa taifa, wakati kazi ya kukataa ni ya wazazi. Mwaka 1980 Bunge likaipunguzia tume mamlaka, na mwaka uliofuata shauri likaachwa. Jimbo la Quebec, Kanada, lilishika njia nyingine. Mwaka huohuo wa 1980 lilianza kukataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikaikubali sheria hiyo mwaka 1989.

Gazeti lile lilisema kweli nusu. Ni kweli, kukataa ni kazi yetu. Lakini kama jirani angemwita mtoto wako kila jioni, akamnong'oneza kwamba wenzake wote wanacho kitu fulani na yeye tu hana, ungekwenda kwa jirani huyo na maneno makali. Usingetosheka kuambiwa, "Mfundishe mwanao asinisikilize." Siku hizi jirani huyo anamjua mtoto kuliko zamani. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 baada ya FTC ileile na jimbo la New York kuzishtaki kwa kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi, ili kuwaelekezea matangazo. Simu unayompa mtoto atulie wakati unapika haitulii yenyewe. (Na baba anayebadilisha simu yake nzima kwa sababu mwenzake kazini kapata mpya, sijui atamweleza nini binti yake.)

Mwafaka wenu uanzie chumbani, mlango ukiwa umefungwa, wala msibishane mbele ya watoto. Mtoto akiomba kitu, aliyeombwa aseme, "Nitazungumza na mwenzangu," kisha kweli azungumze. Mwangalie matangazo pamoja naye na kumwuliza: Nani anasema haya? Yeye anapata nini? Mtoto wa miaka minane anaweza kujibu vizuri kuliko mnavyodhani. Wa miaka minne hawezi, kwa hiyo huyo mzimieni.

Na wewe mama wa nyumba ile, usiku mtakapokaa, usianze na habari za mwanasesere. Mwulize baba watoto amekuwa akirudi saa ngapi tangu mwaka uanze, na kama amewahi kumpakata binti siku ambayo hakuombwa kitu.