Msimbebe, Mjengeeni Njia

Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu wa Handeni na Korogwe, nisikilizeni. Mimi ni mwanafunzi tu, lakini neno hili limenikaa kooni na sitalimeza.

Twendeni kwanza bombani. Handeni hakuna wa kufundishwa thamani ya maji. Bibi zetu wamekesha visimani. Leo maji yanasukumwa kutoka Mto Pangani, kule Korogwe, yanapanda vilima makumi ya kilometa mpaka kwetu. Na yakishafika, ndoo inawekwa wapi? Chini! Lita 20 ni kilo 20. Mama mjamzito anainama, anainyanyua, anajitwisha. Bibi anamngoja mjukuu atoke shule. Mwenye magongo haji kabisa, ananunua kwa bei ya mwenye mkokoteni. Jamani, kibaraza cha kimo cha kiuno kinakula tofali ngapi? Kijengeni! Kibaraza hakimuulizi mtu kama ni mlemavu au mzima; kinamtwisha kila ajaye.

Hiyo ndiyo maana ya usanifu kwa wote. Aliyelipa wazo hilo jina ni Ron Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu.

Msiniambie wahitaji ni wachache. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya watu 11 katika kila 100 wenye miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Waongezeeni aliyevunjika mguu kwa bodaboda, aliyejifungua juzi, na mzee aliyemaliza nguvu zake kwenye mkonge wa Korogwe na sasa macho yana ukungu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Wabunge walishaipitisha, zege tunalimwaga sisi.

Sasa nitubu mbele yenu. Nilisoma na rafiki aliyetembea kwa magongo. Darasa letu lilikuwa na ngazi tatu, na kila asubuhi tulimbeba. Walimu wakatusifu kwa upendo wetu, nami nikavimba kichwa. Siku moja akaniambia kwamba hanywi chai asubuhi, wala maji mpaka jioni, asije akatuomba tumpeleke chooni. Miaka miwili! Tulimbeba mabegani, na kiu yake hatukuijua. Tangu siku hiyo sifa ya kubeba watu inanichoma. Mikono minne ya wanafunzi ingemwaga mteremko wa zege kwenye ngazi zile kwa siku moja.

Wakristo, mnawajua wale wanne wa Kapernaumu waliotoboa paa ili wamshushe mwenzao aliyepooza. Tunawasifu kwa imani yao, na ni haki yao. Lakini utazameni mlango! Umejaa watu wenye miguu mizima, wamekuja kusikiliza neno, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Waislamu, Sura ya Abasa mnaijua: kipofu Ibn Umm Maktum alikuja kutafuta elimu, akageuziwa uso, na Mungu mwenyewe akakemea. Kipofu huyo ndiye aliyekuja kuadhini Madina pamoja na Bilal. Ni waadhini wangapi, walimu wangapi, tumewaacha nje ya kizingiti?

Fundi, kaka yangu, shika futi yako. Ukijenga mteremko, kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mpe mtu sentimita 12 za kwenda. Ngazi ya sentimita 15 inataka meta 1.8, basi! Mlango uwe na sentimita 90. Chooni weka bomba la kushikilia ukutani. Yafanye wakati zege bado ni bichi, maana kubomoa ndiko kunakokula fedha.

Nanyi, mkitoka kuswali Ijumaa hii, mkitoka ibadani Jumapili hii, msitawanyike. Geukeni, mpime ngazi ya mlango mliotokea.