Paka Naye Tumwombee?

Jumatano dada mmoja aliomba tumwombee paka wake, wengine wakacheka. Daktari wa mifugo ameona kidonda sikioni kisichopona, akakata kipande kipelekwe maabara. Huenda ni kansa.

Wapendwa, tusicheke. Nathani alimsimulia Daudi habari za mwanakondoo wa maskini, aliyelala kifuani pake kama binti, na yule mtu wa vita akawaka hasira (2 Samweli 12). Hata Ninawi, Mungu alihesabu watu zaidi ya 120,000, halafu akataja wanyama pia (Yona 4:11).

Dada, lia, omba. Na ikiwa ni kansa, usichelewe: paka weupe huchomwa na jua masikioni, na kikiwahiwa, mara nyingi sikio hukatwa wakapona. Paka wa sikio moja bado hushika panya! Majibu ni Alhamisi. Tutakuja nyumbani tuyangoje pamoja.