Mla Cha Mwenzake

Kuna swali ambalo vijana wa Nyaramba huniuliza wakishajua kwamba narekodi muziki chumbani kwangu: "Buda, wewe unatumia programu gani?" Kwa miaka mitatu nilijibu kwa maneno mawili, FL Studio, na kunyamaza hapo. Sikusema niliitoa wapi.

Niliitoa kwenye flashi ya rafiki, nikiwa bado chuo. Ndani yake kulikuwa na programu yenyewe na kifaili kidogo cha kuivunja kufuli, kraki. Maagizo yalikuwa mafupi: zima intaneti, zima antivairasi, bonyeza, subiri. Nilipoacha chuo na kurudi nyumbani kaunti ya Nyamira, nilibeba laptopu, maikrofoni moja na hiyo kraki. Cheti sikubeba. Ukihesabu vizuri, kraki ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho chuoni kilichowahi kuniletea pesa.

Nilirekodi kwaya za makanisa, bwana harusi mmoja aliyetaka kumwimbia mkewe, na vijana wanaotaka kusikika kama wasee wa Nairobi. Paa langu ni la mabati na huku mvua hupenda alasiri, kwa hivyo sauti za waimbaji tunachukua usiku. Maisha yalikuwa yanaenda. Kisha nikapita karibu na duka la simu sokoni nikasikia ngoma yangu.

Kijana wa duka hilo hujazia watu memori kadi. Unampa shilingi hamsini, anakujazia nyimbo mpaka ijae: injili, rhumba, za Kikisii, chochote. Nilimwambia, "Hiyo ngoma ni yangu." Alifurahi kabisa. "Ni wewe? Watu wanaiitisha sana!" Nikauliza, "Na pesa yangu?" Hakukasirika. Alinieleza kama mwalimu. Kwanza, anayelipa hamsini apate nyimbo mia mbili hangelipa hata kumi kupata wangu peke yake, kwa hivyo sijapoteza mteja. Pili, wimbo bado ninao kwa laptopu yangu, hakuna kilichotoka nyumbani kwangu. Tatu, ananitangaza bure.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimewaka. Nikafungua laptopu nimalizie kazi ya kwaya fulani, FL ikafunguka, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Hoja zake zote tatu nilikuwa nimeshazitumia mwenyewe. Kampuni ya Ubelgiji haijapoteza mteja kwa sababu singenunua. Programu yao bado wanayo. Na kila kijana ninayemwambia "FL" namtangazia. Waswahili walishasema: mla cha mwenzake na chake huliwa. Nilikuwa nikiusikia msemo huu kama tishio. Siku hiyo niliusikia kama hesabu.

Nilijaribu kutoka. Nilijiambia wimbo na programu ni vitu viwili tofauti: wimbo unatoka moyoni, programu ni mashine tu, kama jembe. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haikubaliani nami. Inapoorodhesha kazi za fasihi inataja riwaya, hadithi, mashairi, insha, makala, barua, hata mahubiri, na katika orodha hiyo hiyo inataja programu za kompyuta. Yaani hii insha unayosoma na FL Studio zimekaa benchi moja. Na ukifikiria, ni kweli. Kuna mtu alikaa akaandika. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1997 likiitwa FruityLoops, na aliyeliandika ni Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line. Mstari baada ya mstari, kama mimi sasa hivi.

Utetezi wangu wenye nguvu zaidi ulikuwa bei, na sitaki kuudharau. Toleo la chini la FL Studio lilikuwa dola 99, na hilo halikuruhusu kurekodi sauti ya mwimbaji ndani yake. Lililorekodi lilikaribia dola 200, zaidi ya shilingi elfu ishirini. Kwetu kipimo ni chai. Kwa malipo ya mwezi ya shilingi ishirini na kitu kwa kilo ya majani mabichi, hiyo ni karibu kilo elfu moja, kila jani limechumwa kwa mkono, mgongo umeinama. Bei hiyo iliwekwa na mtu anayehesabu kwa mshahara wa kwao. Kumwambia mtoto wa mchuma chai alipe sawa na prodyuza wa London na kuuita huo usawa ni mzaha.

Lakini fuata hoja hiyo mpaka mwisho. Yule mama anayetaka nyimbo kwenye redio yake ndogo akiwa anauza ndizi ni maskini kuniliko mimi. Kama umaskini wangu unanisafisha mbele ya Ubelgiji, umaskini wake unamsafisha mbele yangu. Naweza kuamini kwamba muziki na programu vyote vigawanywe bure, na nikaishi hivyo. Naweza kuamini kwamba aliyetengeneza alipwe, na nikaishi hivyo. Nisichoweza ni kuwa maskini wakati wa kununua na mwenye mali wakati wa kuuza.

Nikaamua kuhama. Wanaouliza ni programu gani bora huwa wanauliza kuhusu sauti. Mimi nilijikuta nauliza swali lingine: hii inanitaka niwe mtu wa aina gani? LMMS ni ya bure na inafanana kidogo na FL, lakini ni ya kutengeneza biti, si ya kurekodi mwimbaji. Audacity ni ya bure tangu mwaka 2000, na kwa kurekodi mahubiri haina shida, ila kwa kupanga biti utaumia. BandLab inafanya kazi kwenye simu, lakini inakutaka uwe na bando. Jaribio la FL lenyewe ni halali na halina siku ya mwisho: unatengeneza, unatoa wimbo wako. Ila kazi uliyohifadhi huwezi kuifungua tena uiendeleze mpaka ununue. Huku kwetu umeme hupotea katikati ya kiitikio, kwa hivyo huo ni mtihani mgumu.

Nikaishia REAPER. Iliandikwa na Justin Frankel, yule yule aliyeandika Winamp ambayo kaka zetu walikuwa wakichezea MP3 kwenye saiba. Unapewa siku 60 za kujaribu, na leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60. Kilichonishika ni kinachotokea siku ya 61. Hakitokei kitu. Programu inafunguka kama jana, inakukumbusha tu kwamba hujalipa, unangoja sekunde chache, unaendelea na kazi. Hakuna kufuli ya kuvunja, kwa hivyo hakuna ushujaa wa kuivunja. Mbele ya kufuli nilikuwa mjanja. Mbele ya mlango uliowekwa wazi nilikuwa tu mtu ambaye hajalipa.

Kuhama kwenyewe si kubonyeza kitufe. Faili za FL hazifunguki kwa REAPER. Nilifungua kila wimbo kule ulikozaliwa, nikazima vyombo vyote isipokuwa kimoja, nikakitoa kama WAV, kisha kingine, kisha kingine. Ngoma pekee, besi pekee, sauti pekee. Nilikuwa na nyimbo 41. Baada ya usiku mbili nilijua sitazihamisha zote, nikaanza kuchagua. Na ule wimbo wa sokoni ulikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Nilipofika chombo cha nne nikazima vingine, nikasikia obokano.

Kwa asiyejua, obokano ni kinanda kikubwa cha Abagusii: nyuzi nane, tumbo la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mngurumo unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Nilikuwa nimeunasa kwa simu kwenye matanga fulani, mzee mmoja wa kijiji cha jirani akipiga. Nilikata kipande kidogo, nikakifanya kijirudie, nikapanga ngoma nzito juu yake. Ndicho kilichoufanya wimbo upendwe. Ndani ya wimbo, chini ya ngoma, nilikuwa nimekizoea nikakiona changu. Kikiwa peke yake nilisikia pumzi ya mzee mwenyewe, na mtu akikohoa nyuma yake. Sikuwahi kumwuliza. Wazo la kumwuliza halikuwahi hata kunijia. Nilikuwa nimebishana na nafsi yangu wiki nzima kuhusu watu wa Ubelgiji, na huyu ninakutana naye barabarani.

Kuingiza kinanda cha wazee kwenye kompyuta si dhambi. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, Otim Alpha alichukua nyimbo za harusi za Waacholi akaziweka kwenye biti za kompyuta, na albamu ya Gulu City Anthems ilipotoka mwaka 2017 dunia ilicheza. Lakini yeye alikuwa ndani ya nyimbo hizo, akiziimba kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa nje, nimeshika simu. Na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni haingenisaidia kulala. Programu ina bei kwenye tovuti: dola 99, dola 60, unajua unadaiwa ngapi. Mzee hana orodha ya bei. Deni lisiloandikwa ndilo rahisi kulisahau.

Nilienda kwake Jumapili baada ya ibada, na sukari kilo mbili. Tuliongea Kikisii, hapa naandika kwa Kiswahili. Nilimweleza, nikamvisha hedifoni, nikamchezea. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa. Kisha akauliza, "Mbona unanikata?"

Sikuelewa. Akasema, "Hapo nilikuwa namwita marehemu. Mkono unapanda, unapanda, halafu nataja jina lake. Wewe unanirudisha mwanzo kabla sijalitaja. Mara ngapi?"

Nilihesabu kichwani. Kipande kinajirudia zaidi ya mara arobaini. Watu walikuwa wamecheza wimbo huo kwenye harusi, mzee akipanda kuelekea jina la mtu aliyezikwa, na mimi nikimrudisha chini kila mara.

"Nisamehe, mzee," nilisema.

"Utanirekodi tena, mpaka mwisho," alisema. Akatulia kidogo. "Na ulipata pesa ngapi?"

Nilimwambia ukweli: shilingi elfu sita, kwa shoo mbili. Alitaka nusu. Nilikuwa na elfu moja mfukoni, nikampa, nyingine nikamtumia kwa M-Pesa mwisho wa mwezi. Sitaki umfanye mtakatifu anayejali roho tu. Alijali jina kwanza, kisha akajali pesa, na vyote viwili vilikuwa haki yake.

Nimemrekodi upya, dakika kumi na moja, bila kukata. Jina la marehemu limo. Toleo jipya la wimbo linangoja jina lipite ndipo ngoma iingie. Halichezeki vizuri kama la zamani, na kijana mmoja ameshaniambia nimeliharibu. Huenda ni kweli. REAPER niliilipia siku ya 74, baada ya kwaya mbili kunilipa, kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Siku kumi na nne zile ilikuwa ikinikumbusha kila asubuhi, nami nikiisoma.

Juzi nilipita tena kwa duka la simu. Nilimwambia yule kijana kila kitu: kraki, mzee, leseni. Nilitaka, nakiri, aone mfano mwema na aufuate. Alinisikiliza akiwa anajazia mtu nyimbo.

"So ile ya Ubelgiji umelipa? Hiyo miaka mitatu?"

"Bado."

"Ukilipa, nishtue," alisema. "Tutaongea vizuri."

Hakuwa ananidharau. Alinirudishia simu ya mteja nimpe, mikono yake ilikuwa imejaa nyaya, na wimbo wangu, ule wa zamani, ukaondoka na mteja huyo kuelekea stendi ya boda. Nimeanza kuweka pesa kando. Vijana wakiniuliza natumia programu gani, huwa najibu kwa urefu kidogo sasa: REAPER, na nadaiwa ya FL.