Mjukuu wa Aliyeuzwa

Wazee husema: Mkataa kwao ni mtumwa. Neno hilo ni la haki kwa mtu aliyewaacha wazazi wake kwa kiburi, akaona haya kukitaja kijiji chake. Lakini yuko mtu mwingine, yule aliyetekwa angali mtoto, akapelekwa mbali, akasahau njia ya kurudi. Huyo hakukataa kwao, alinyang'anywa. Basi, mjukuu wake akija leo kuwauliza watu habari za jamaa ya babu yake, ajibiwe nini?

Mambo hayo yalitukia kweli. Katika mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganika. Huko na katika misioni nyingine za ziwa walilea watoto wengi waliokombolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Watoto hao walikua, wakaoana, wakajenga vijiji. Lakini mtoto mdogo humwita mama yake "mama" tu. Jina lake halijui, wala jina la sultani wa nchi. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Mtakatifu Josephine Bakhita, aliyezaliwa yapata mwaka 1869 katika Darfur, nchi ya Sudani. Kwa hofu ya siku ile aliyotekwa alisahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita", yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji.

Kutafuta ukoo si kazi nyepesi. Katika Ulaya, kwa desturi, jina la baba huwapita watoto wote, na jina moja laweza kuonyesha jamaa nzima. Katika vijiji vingi vya Congo si hivyo: kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, mara nyingi jina la babu au la bibi, na ndugu wa tumbo moja hawana jina moja. Kwa hiyo mwenye kutafuta haulizi jina peke yake. Huuliza mbari, na kwa Watabwa mbari hufuata mama, si baba. Huuliza mto, kilima na sultani. Hufungua kitabu cha ubatizo, maana humo huandikwa mbatizwa, wazazi wake wakijulikana, wasimamizi, mahali na siku. Mwaka 1994, watu wengi walipokimbia kutoka Rwanda mpaka Goma na Bukavu, watoto walipotezana na wazazi. Ndipo picha zao zilipotundikwa ili watu wazitazame. Mama akimwona mwanawe katika picha, hana haja ya kuulizwa jina.

Lakini kazi ngumu kuliko zote ni kupokewa. Wazee hutoa sababu za kumkataa mgeni wa namna hiyo. Kwanza husema: Labda anadanganya. Ni haki kumwuliza na kuyalinganisha maneno yake na ya wengine. Lakini kupima si kufukuza. Naye mtafutaji asijitungie babu sultani ili apate heshima.

Pili husema: Anataka shamba. Pengine ni kweli, na mwenye kutafuta ndugu kwa ajili ya shamba tu, hajatafuta ndugu. Lakini mambo ya shamba yakatwe kwa shauri mbele ya wazee. Undugu usikanwe ili kuokoa shamba.

Sababu ya tatu hawaitaji, nayo ni haya. Kumpokea mgeni ni kukiri kwamba mtoto wa jamaa aliuzwa, na pengine aliyemwuza ni mjomba wake mwenyewe. Hapo ndipo shauri linapogeuka. Watu hudhani mgeni amekuja kuomba fadhili, kumbe wenyeji ndio wenye deni. Aliyeuzwa hakufanya kosa, wala mjukuu wake hana aibu ya kubeba. Waliobaki nyumbani walikula mavuno ya mashamba ambayo yeye hakuyalima tena. Basi wamrudishie angalau jina.

Mtakatifu Mateo, alipoandika ukoo wa Yezu Kristu, hakuwaficha Rahabu na Ruta, wanawake wa mataifa mengine. Ukoo ulio wa kweli hauogopi majina yake.

Na asiyepata ndugu zake? Bakhita hakuwaona tena. Alibatizwa Venezia mwaka 1890, akafa Italia mwaka 1947, bila kulijua jina lile la kwanza. Hakuwa mtu pungufu kwa sababu hiyo. Mungu aliyemwumba hakulisahau.

Basi mkatekumeni, kabla ya kuandikwa kitabuni, awaulize wazazi wake majina ya babu na bibi, mbari na mto wa kwao, ayataje sawasawa. Pengine siku moja atakuja mgeni kutoka mbali, na padri atamfungulia ukurasa huo.