Jumatano: Mashaka ya Musa na Siku Iliyomshinda

Soma Kutoka 4:10-17 na Kutoka 18:13-24. Mungu alimsaidia Musa kwa njia gani katika kila fungu?

Binti mmoja wa kanisa letu alikuwa mwaka wa 4 wa masomo ya udaktari. Hapa Tanzania masomo hayo huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Sabato moja, ibada ilipokwisha, alibaki ameketi peke yake. Juma lile, wakati wa raundi ya wodini, daktari bingwa alimwuliza majibu ya damu ya mgonjwa wake. Alikuwa ameyaandika kwenye kipande cha karatasi, nacho hakikuonekana. Wote walisimama wakimsubiri.

“Mwalimu,” aliniambia, “nadhani nilichaguliwa kwa makosa. Afadhali niache kabla sijamdhuru mtu.”

Nilimjibu upesi kwamba aombe na awe na imani. Akasema kwa upole, “Ninaomba kila asubuhi, Mwalimu. Lakini karatasi hazijipangi zenyewe.” Niliona nimempa nusu ya jibu.

Musa aliyapitia yote mawili, mashaka na mvurugo. Penye kijiti kilichowaka moto alidai kwamba hana ufasaha. Mungu hakumsifu kuwa ni msemaji mzuri. Alimkumbusha ni nani aliyeumba kinywa cha mwanadamu, akaahidi kuwa pamoja naye. Hata Musa alipozidi kukataa na hasira ya Bwana ikawaka, bado alipewa Haruni wa kumsaidia.

Baadaye, jangwani, tunamkuta Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Kazi ilikuwa ya Mungu, na nia yake ilikuwa njema. Kilichokosekana ni utaratibu. Safari hii msaada ulimjia kupitia mkwewe, Yethro, aliyetazama kwanza, akauliza, ndipo akashauri: wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, mashauri madogo wayaamue wao, makubwa yaletwe kwa Musa. Yethro hakusema kwamba Musa hafai. Alisema mzigo ni mzito mno kwa mtu mmoja. Musa alisikiliza, akatenda.

Mambo yakivurugika kwa muda mrefu, mtu huacha kusema, “Utaratibu wangu ni mbaya,” akaanza kusema, “Mimi ni mbaya.” Hapo ndipo mashaka hupata nguvu. Sisi tunaojiandaa kila Ijumaa kwa ajili ya Sabato tunapaswa kujua kwamba kupanga mambo ni sehemu ya ibada.

Nilimwuliza yule binti, “Yethro wako ni nani pale wodini?” Alimtaja muuguzi mmoja wa siku nyingi. Juma lililofuata alimwendea. Mama yule alimshauri awe na daftari 1 dogo la mfukoni, kila mgonjwa na ukurasa wake: namba ya kitanda, ugonjwa, dawa, vipimo vinavyosubiriwa, na jambo la kuwauliza wakubwa. Asipojua, aseme hajui, kisha akaulize.

Hofu yake haikuisha siku ile. Bado yuko chuoni, na bado kuna usiku analala kwa shida. Ila amejifunza kuipima hofu yenyewe. Ikimwambia, “Uliza kwanza,” huitii, maana humlinda mgonjwa. Ikimwambia, “Hufai,” humkumbuka Musa, ambaye Mungu alimwita akiujua udhaifu wake, naye hakumwacha.

Je, kuna jambo unaloliita upungufu wa imani, kumbe ni utaratibu unaohitaji kurekebishwa? Ni nani Yethro wako, na nini kinakuzuia kumwendea? Je, katika darasa lenu kuna mwanafunzi ambaye mmekuwa mkimwambia “omba tu”? Mtamsaidiaje juma hili?