Walinzi wa Mitungi ya Baridi

Jumapili ya tarehe 4 Machi 2018, katika hospitali moja kando ya mji wa Cleveland, nchini Marekani, wafanyakazi waligundua kwamba mtungi mkubwa wa baridi umepata joto. Ndani yake yalikuwamo mayai ya wanawake na viinitete zaidi ya 4,000, vya watu wapatao 950. Siku iyo hiyo, mbali sana na hapo, mtungi wa kituo kingine huko San Francisco nao uliharibika, ukiwa na mayai na viinitete vipatavyo 3,500. Vituo hivyo viwili havikuhusiana kwa lolote.

Yafaa tueleze jambo lenyewe. Kiinitete ni mwanadamu katika siku zake za kwanza, mbegu ya baba ikiisha kuungana na yai la mama. Tangu 1978, alipozaliwa Louise Brown huko Oldham, Uingereza, madaktari wameweza kufanya muungano huo nje ya tumbo, katika chombo cha maabara. Mara nyingi huvifanya viinitete vingi kuliko vinavyoweza kutiwa tumboni kwa mara moja. Vinavyosalia hugandishwa katika nitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtoto wa kwanza aliyepitia baridi hiyo alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1984.

Wafugaji wa Arusha na wa nyanda za juu za Kenya wanaujua mtungi wa namna hii, maana ndimo zinamohifadhiwa mbegu za madume ya ng'ombe. Hufanya kazi kama chupa ya chai: una kuta mbili, na katikati yake hewa imeondolewa ili joto lisipenye. Hauhitaji umeme ili uwe baridi, ila maji yake hupungua kidogo kidogo kila siku, na sharti yaongezwe. Ukuta ukipata ufa, au mwongezaji akikosa kuongeza, baridi hutoweka. Ndiyo maana hufungwa kipimo na kengele ya kumwita fundi hata akiwa nyumbani usiku. Huko Cleveland kengele hiyo ya mbali ilikuwa imezimwa, na njia ya kuujaza mtungi wenyewe kwa wenyewe ilikuwa na hitilafu, wafanyakazi wakiujaza kwa mikono. Katika shauri la San Francisco, wazee wa baraza mwaka 2021 waliona kwamba sehemu kubwa ya kosa ni ya watengenezaji wa mtungi, wakaamuru walalamikaji watano walipwe karibu dola milioni 15.

Baada ya msiba huo yametolewa mashauri mengi yenye akili. Kengele ziwe mbili, wala moja isiitegemee nyingine. Viinitete vya jamaa moja vigawanywe katika mitungi miwili. Maji yapimwe kila siku na kuandikwa kitabuni. Hatuna neno juu ya hayo. Yafanyike yote, tena upesi. Lakini twauliza kama swali limekwisha hapo. Je, kosa la Cleveland lilikuwa kuzimwa kwa kengele tu?

Kumbukeni yaliyotokea Uingereza mwaka 1996. Sheria ya huko iliweka kikomo cha miaka mitano, na wazazi wasipotoa idhini ya kuongeza muda, akiba yao iharibiwe. Kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka ule, viinitete vipatavyo 3,300 viliharibiwa. Hakuna mtungi uliovuja, wala mlinzi aliyelala. Daftari zilikuwa safi, kalenda ikafika mwisho wake. Ikiwa twaulilia msiba wa Cleveland na kuuita ule wa Uingereza utaratibu, basi hatulii kwa ajili ya waliokufa. Twalilia mali iliyopotea bila ruhusa ya mwenyewe.

Msomaji mwenye busara atatupinga. Atasema kwamba dawa zote zina hatari, na kwamba mtoto njiti naye hulazwa katika chombo cha joto kinachotegemea umeme. Umeme ukikatika, hufa. Mbona hatukilaumu chombo hicho? Pingamizi hili lina nguvu. Jibu letu ni kwamba mtoto njiti aliingizwa chomboni kwa sababu hatari ilikwisha kumpata, na chombo ni mkono unaomwopoa. Kiinitete hakikuwa na ugonjwa wowote. Hatari yake imefanywa na wale wale wanaojiita walinzi wake, na imefanywa kwa faida ya wengine: kumpunguzia mama maumivu ya kutolewa mayai mara ya pili, na kupunguza gharama. Sababu hizo si za kudharauliwa, lakini si zake yeye.

Atajibu tena: bila hatari hiyo asingalikuwapo kabisa. Naam, lakini asiyekuwapo hana hasara. Hakuna aliyekuwa akingoja mlangoni akiomba aletwe duniani. Wajibu wetu kwake huanza anapokuwapo, na baba hamwambii mwanawe mwenye njaa, "Nyamaza, nisingalikuzaa."

Waliopoteza walilitambua jambo hili kuliko mawakili. Mume na mke mmoja wa Ohio, waliopoteza viinitete vyao mle Cleveland, waliiomba mahakama itamke kwamba hao walikuwa watu. Mahakama ilikataa. Huko Alabama mambo yalikwenda kinyume: mwaka 2020 mgonjwa mmoja wa hospitali alipenya katika chumba cha akiba, akashika viinitete, baridi ikamwunguza mkono akavidondosha, na tarehe 16 Februari 2024 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba sheria ya 1872 juu ya kifo cha mtoto inavihusu hata hivyo. Vituo kadhaa vilisimamisha kazi kwa hofu. Tarehe 6 Machi mwaka uo huo ikatiwa saini sheria ya kuwakinga na mashtaka. Yaani, kwa muda usiotimia mwezi, walitangazwa kuwa watoto, kisha wenye kuwatunza wakapewa kinga wanapowapoteza! Sisi twaona hukumu ile ilikuwa na ukweli ndani yake, na sheria ile ilikuwa na woga.

Kanisa, katika hati ya mwaka 2008 iitwayo Dignitas Personae, limefundisha kwamba kuwagandisha hakupatani na heshima yao, na limekiri kwamba hali ya maelfu waliokwisha kuachwa humo ni udhalimu usio na njia ya kuuondoa. Wengine hudhani kwamba, kwa kuwa kuwaweka humo kulikuwa kosa, kuwalinda nako ni kazi bure. La, hasha. Fundi aamkaye usiku kuujaza mtungi anawatendea haki waliomo. Na mtoto aliyetoka humo akazaliwa ni mtoto kamili, wala asisikie neno la dharau kutoka kwa Mkristo yeyote.

Twajua pia machozi ya nyumba zisizo na mtoto, na maneno ya mawifi na majirani. Huduma hii sasa ipo Nairobi na Dar es Salaam, na wanaoiendea huuliza bei, tena huuliza kama watafanikiwa. Mara chache huuliza ni wangapi watakaofanywa, wanaosalia watalala wapi, na nani atawalipia siku wazazi watakapokosa fedha au kuachana. Ujerumani, kwa sheria iliyoanza kutumika 1991, ilikataza kutungisha mayai zaidi ya yale yatakayotiwa tumboni kwa mara moja, yasipite matatu. Kanisa halikubali hata njia hiyo. Walakini nchi ile iliona, miaka mingi kabla ya Cleveland, kwamba mtungi wenyewe si wa lazima.