Pete Inayoshika kwa Kushikwa

Fundi cherehani akimwaga pini hahangaiki kuziokota mojamoja. Anachukua sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, anaipitisha sakafuni, na pini zinapanda. Tazama vizuri: baadhi hazijaigusa sumaku kabisa. Zimening'inia kwenye pini nyingine.

Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliona jambo hilo likifanywa kwa pete za chuma, akapigwa na butwaa. Analieleza katika kitabu cha 21 cha Mji wa Mungu. Jiwe la sumaku lilinyanyua pete moja, pete hiyo ikasogezwa kwa ya pili, nayo ikainuka. Ikafuata nyingine, na nyingine, mpaka ukawa mnyororo. Pete hazikuingiliana, ziligusana kwa nje tu.

Wagiriki waliliita jiwe hilo jiwe la Magnesia, na jina la sumaku katika lugha nyingi za Ulaya limetoka hapo. Plinio Mroma anasimulia habari za Magnes, mchunga mifugo ambaye misumari ya viatu vyake na ncha ya fimbo yake vilinasa mwambani alipokuwa malishoni. Ni hadithi tu, lakini naipenda, maana mchungaji ndiye aliyenaswa kwanza.

Pete ile ya chuma haina mvuto wa kwake. Inavuta ikiwa imegusana na jiwe, au na pete nyingine iliyogusana na jiwe. Itenge ya juu, na zilizo chini yake zote zinadondoka.

Hiyo ndiyo hofu yangu kwetu sisi tunaohudumu. Kwaya ikiimba vizuri na viti vikijaa, ni rahisi kudhani watu wamekuja kwa ajili yetu. Lakini katika Yohana 12 Bwana anasema kuinuliwa kwake yeye ndiko kutakakowavuta watu, tena waje kwake. Tukiacha kuomba, ibada itaendelea kwa mazoea, pengine kwa muda mrefu. Watakaoumia ni wale walioshikamana nasi: kijana wa kipaimara, mjane anayetusubiri tumtembelee, mgonjwa tuliyemwahidi sala.

Kwa hiyo, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, nawasihi: Jumapili hii tufike nusu saa kabla ya ibada. Hakutakuwa na kikao wala taarifa ya mapato. Tutapiga magoti tuombe. Habari za paa la kanisa tutazizungumza baadaye.